Kijia cha Baiskeli Kilipofika Chemchemini

Msomaji, kama umewahi kuombwa kuamua kati ya watu wawili unaowapenda sawasawa, basi utaielewa hali niliyokuwa nayo jioni moja ya mwezi wa Machi, mwaka 2023, wazee watatu wa mtaa wetu walipobisha hodi mlangoni pangu.

Mmoja wao, mwenyekiti wa kamati, alikuwa na furushi kwapani, limefungwa kwa gazeti kuukuu na uzi wa katani. Chai aliikataa kwanza. Akalifungua furushi lile juu ya meza, na ndani yake mkatoka kitabu cha karatasi nyeupe, kinene kama tofali.

"Mswahili," akaniambia, "kitabu hiki ni Kizungu kitupu, jalada hata jalada. Tusomee, kisha utueleze kwa lugha ya watu. Siku ya baraza tusije tukawa kama mbuzi wa mnadani."

Yafaa nieleze kwamba mimi ni mtu wa Pwani, Mdigo wa Kinondo kwa upande wa mama, niliyeletwa bara na kazi na nikaishia kupanga nyumba upande wa Kiambu, mahali palipo mwendo wa nusu saa kwa matatu kutoka Nairobi. Majirani zangu, ambao karibu wote ni Wakikuyu, waliniita Mswahili tangu siku ya kwanza, nami jina hilo nimelipokea. Barua ya shule ikiwashinda, huletwa kwangu. Mkataba wa shamba ukiwatatiza, huletwa kwangu. Siku ile ililetwa ripoti ya tathmini ya athari za mazingira.

Mradi wenyewe ulikuwa wetu sote. Tulitaka kijia cha kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, urefu wake yapata kilomita tatu, kitakachoufuata mto mdogo unaopita bondeni, kuanzia karibu na barabara kuu hadi shule ya msingi. Vijana wa mtaa wangefanya kazi ya jembe na sururu. Mfadhili alikuwa amepatikana, lakini aliweka sharti moja: hatatoa hata senti moja mpaka leseni ya mazingira ionekane.

Kwa nini kijia? Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa sana. Jijini humo karibu watu wanne katika kila kumi huenda safari zao kwa miguu, na bado barabara nyingi zimejengwa kana kwamba binadamu huzaliwa na magurudumu. Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kuwajali waendao kwa miguu na kwa baiskeli, ikaahidi kwamba sehemu ya tano ya fedha za barabara itakuwa yao. Sisi tulio ng'ambo ya mpaka wa jiji hatukuahidiwa hata hilo. Barabara yetu kuu haina ukingo. Lori likija, unaruka mtaroni, na kama mtaro umejaa maji unaruka vivyo hivyo.

Mwaka 2022 mtoto wa jirani yangu wa mlango wa pili, akienda shule juu ya baiskeli aliyoachiwa na babu yake, aligongwa na kioo cha pembeni cha lori. Halikusimama. Mguu ulivunjika mahali pawili. Baiskeli ile, aina ya zile nyeusi nzito zenye keria ya chuma ambazo wazee waliziita blakimamba, iliangikwa ukutani kwa mama yake, na kila ukiingia kuomba chumvi unaiona pale juu ikikutazama.

Ndiyo maana niliufungua ukurasa wa kwanza wa ripoti ile nikiwa tayari nimekwisha kusema ndiyo moyoni mwangu.

Kabla sijaenda mbali, maneno machache juu ya sheria, maana wengi wetu huisikia kwa jina tu. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999, nazo kanuni za tathmini zikafuata mwaka 2003. Mtu anayetaka kuanzisha mradi hana budi kueleza kwanza utaifanyia nini ardhi, maji, hewa, miti, wanyama na watu walio karibu. Maelezo hayo hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ambayo huweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti. Mwaka 2019 miradi ilipangwa kwa madaraja, yenye hatari ndogo, ya kadiri na kubwa, na kijia kama chetu hakilinganishwi na kiwanda cha saruji. Kwa ile miradi mizito, kanuni za 2003 zilitaka mabango yabandikwe, tangazo litolewe gazetini na redioni, na wenyeji waitwe mikutanoni si chini ya mara tatu. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 69, inaitaka Serikali iwashirikishe wananchi katika kuyatunza mazingira.

Asidhani mtu kwamba hayo ni maneno ya karatasini. Mwezi wa Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira liliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba watu wa Lamu hawakushauriwa kama ipasavyo. Mtambo wa mabilioni ulikwama kwa sababu wavuvi hawakuulizwa.

Lakini kuna jambo moja katika utaratibu huu ambalo halijapata kunipendeza. Mtaalamu anayeiandika ripoti husajiliwa na Mamlaka, hiyo ni kweli, lakini hulipwa na mwenye mradi. Sisemi kwamba wote hupindisha. Nasema tu kwamba mkono mtupu haulambwi, na anayelipa huwa ana haraka.

Katika habari hii, mwenye mradi mwenye haraka nilikuwa mimi.

NDUMA

Nilisoma mpaka saa sita za usiku. Mengi yalikuwa sawa, na mengine yalikuwa mazuri hasa. Mtaalamu aliihesabu miti yote iliyo njiani akaagiza mugumo mmoja usiguswe, wala matawi yake, kwa kuwa ni mti wenye heshima kwa wenyeji. Nilifurahi kuona hivyo. Mwezi wa Novemba 2020 mugumo mkubwa wa pale Waiyaki Way, Westlands, ulinusurika kukatwa kwa ajili ya barabara ile ya juu baada ya watu kupiga kelele mpaka Rais akatoa amri. Sisi hatukuhitaji Rais. Mtaalamu alisikia mwenyewe.

Alieleza pia namna vumbi litakavyozuiwa, takataka zitakapotupwa, na saa za kazi. Kulikuwa na ukurasa juu ya daraja dogo la kuvukia mto, pamoja na mchoro. Niliupitia upesi.

Kisha nikafika mahali palipoandikwa kwamba hakuna chanzo cho chote cha maji ndani ya eneo la mradi, na kwamba sehemu ya katikati ya bonde ina mimea ya pori isiyo na thamani.

Niliisoma sentensi ile mara tatu. Mimi si mkulima, lakini miaka yangu ya bara imenifundisha jambo moja: ile mimea ya pori yenye majani mapana kama masikio ya ndovu ni nduma. Nduma huchemshwa, ikaliwa asubuhi na chai, na pale sokoni fungu lake si la bei rahisi. Na nduma haioti mahali pakavu. Mtaalamu alikuja mwezi wa Februari 2023, wakati nchi ilikuwa imekauka baada ya misimu ya mvua kukosa mmoja baada ya mwingine, ng'ombe wanakufa huko kaskazini, mto wetu wenyewe umekuwa kamba ya matope. Alizikuta nduma zimesimama kijani kibichi, akazikanyaga akapita, akaandika kwamba hakuna maji.

Asubuhi yake niliteremka bondeni. Nilimkuta mama mmoja mzee anayeuza mboga kituo cha matatu, ameinama na kopo mkononi, anajaza mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Maji yalikuwa yakitoka chini ya jiwe, membamba kama kidole, lakini bila kukoma.

"Shikamoo mama," nikamwambia kwa mazoea ya kwetu.

"Niko salama, Mswahili," akajibu, maana huku shikamoo haina marahaba. Nikamwuliza kama maji yale hukauka.

Akacheka. "Mwaka 1984, ule ukame mkubwa, mimi nilikuwa nimeolewa karibuni. Mabomba yalikauka, mto ukakauka, watu wakatoka ng'ambo ile kuja hapa na punda. Maji haya hayakukauka. Yatakauka kwa nini sasa?"

Nikamwuliza kama yule kijana mwenye vipimo alimwuliza lo lote. Alisema alimwona, alikuwa na kofia nzuri, na alimsalimu kwa adabu.

Nikaufungua mchoro. Mstari wa kijia ulipita juu ya jiwe lile kabisa. Na sababu yake ilieleweka, kwa kuwa hapo ndipo penye tambarare. Pande zote mbili kuna mteremko. Kokoto zingemwagwa, zikashindiliwa, na saruji ikatiwa kingo.

Sheria inasema shughuli za ujenzi zikae mbali na ukingo wa mto, si chini ya mita sita, na huweza kufika mita thelathini. Ripoti ililijua hilo, na kijia kilikuwa kimeuepuka mto vizuri. Kwa kuuepuka mto, kikakanyaga chemchemi.

KARURA

Sikulala vizuri juma lile. Nikamwambia mke wangu, ninakwenda Karura kutazama, maana wale wana vijia vyao vya miguu na vya baiskeli zaidi ya kilomita hamsini, na msitu bado ni msitu.

Msitu wa Karura ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Una ukubwa wa hekta 1,041 hivi, katikati ya mitaa ya watu wenye nafasi zao na mingine ya watu wasio nazo. Vijana wa leo wanaokwenda kule kupiga picha za harusi huenda hawajui kwamba nusura wasiukute. Katika miaka ya tisini sehemu zake ziligawiwa wajenzi kimyakimya. Prof. Wangari Maathai alipokwenda kupanda mti tarehe 8 Januari 1999, yeye na wenziwe walivamiwa na kundi la walinzi wenye silaha, naye akaumizwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo wakaandamana. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mama yule alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki Septemba 2011.

Hata baada ya hapo msitu haukuwa wa kutembelewa. Wanyang'anyi walikuwa ndio wenyeji, na nilipofika Nairobi mara ya kwanza niliambiwa kwamba mtu akipotea, Karura ndipo huanziwa kutafutwa. Mabadiliko yalikuja sheria mpya ya misitu ya 2005 ilipowaruhusu wananchi kuunda vyama vya kushirikiana na Serikali kutunza misitu. Chama cha marafiki wa Karura kikaundwa, ua wa umeme ukazungushwa, vijana wa kijiji cha Huruma kilicho kando ya msitu wakaandikwa kazi ya doria, na mwaka 2011 watu wakaanza kuingia.

Niliingilia lango la Limuru Road. Asubuhi ya Jumamosi watu walikuwa tele: mabibi na watoto, vijana wanaokimbia, Wahindi wazee kwa kundi wakizungumza Kigujarati, na baiskeli za kukodi zimepangwa langoni. Kila njia panda ina nambari yake, ili mtu asipotee. Nikapita maporomoko ya maji, nikapita mapango ambayo inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Juu mitini nikawaona mbega, wale kima weusi wenye mikia myeupe kama ndevu za sharifu, walioletwa huko kuanzia mwaka 2014 kutoka Kipipiri, ambako walikuwa wakigombana na wakulima.

Lakini sikwenda kwa ajili ya mbega. Nilitazama chini. Mlinzi mmoja wa msitu aliniona ninachuchumaa kila hatua ishirini, akaja kuniuliza nimepoteza nini. Nilipomweleza haja yangu akafurahi, akanitembeza kwa saa nzima.

Akaniambia adui wa kijia si watu, ni maji. Miguu ikipita pamoja mara elfu, udongo hushindiliwa ukawa kama sakafu. Mvua ikinyesha hauinywi tena. Maji hutafuta pa kupita, na kijia kilichoteremka moja kwa moja mlimani huwa ndio mfereji wao. Mwaka wa kwanza mstari mdogo, wa pili unaona mizizi, wa tatu ni korongo. Na watu wakiona tope katikati hupita pembeni, wakaua majani ya pembeni, njia ya futi tatu ikawa ya futi kumi na mbili. Baiskeli huongeza la kwake, kwa sababu mwendeshaji hukaza breki mteremkoni na gurudumu likachimba. Ndiyo maana mahali pengine mle msituni baiskeli haziruhusiwi.

Akanionyesha namna kijia kizuri kinavyoupanda mlima kwa kuzunguka, hakiukabili, na kila mwendo fulani kuna mfereji mdogo wa kuyachepua maji yaingie majanini kabla hayajapata nguvu. Akaniambia pia habari ya mbegu. Magugu kama lantana husafiri kwa ndege na kwa matope ya viatu na magurudumu, nao wana kazi ya kila siku ya kuyang'oa, sawa na kazi ya kuondoa mikaratusi ya zamani ili kurudisha miti ya asili, kama mihuhu.

"Na mkikuta chemchemi?" nikamwuliza.

"Tunazunguka," akasema. Hakuona kama ni swali.

Nikirudi na matatu, nilimkumbuka mjomba wangu.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alinichukua mpaka Kaya Kinondo. Wageni siku hizi huvishwa kaniki nyeusi, wakaongozwa na mwenyeji, na mwaka 2008 UNESCO iliziandika kaya za Wamijikenda katika urithi wa dunia. Zamani zile hapakuwa na UNESCO, palikuwa na mjomba tu. Aliniambia nimfuate nyayo kwa nyayo. Kijia kilikuwa chembamba hata mabega yangu yaligusa majani pande zote mbili, na kilikuwa na kona nyingi zisizoeleweka. Nikamwuliza kwa nini hakikunyoshwa. Akaninyamazisha mpaka tulipotoka nje, ndipo akasema kwamba kila kona ina kitu kilichokuwapo kabla ya njia, mti au kaburi au jiwe, na njia ndiyo mgeni.

Msituni mle hupaswi kuacha njia wala kuvunja hata kijiti. Wazungu walipoanza kuandika sheria za tathmini huko kwao, Marekani mwaka 1970, sidhani kama kuna aliyekuja Kinondo kuuliza. Sijidai kwamba wazee wa kaya walikuwa na ripoti za kurasa mia. Walikuwa na kona.

BARAZANI

Baraza lilifanyika mwezi wa Aprili katika uwanja wa shule, mvua ikiwa imekwisha kuanza. Chifu alikuwako, kamati ilikuwako, na mtaalamu alikuja na kofia yake. Nilitazamia kumchukia, lakini alikuwa kijana mpole, akieleza mambo kwa uvumilivu, na Kiswahili chake si kibaya.

Mwenyekiti alikuwa amenionya tangu asubuhi. "Mswahili, wewe eleza tu mazuri yaliyomo. Fedha za mfadhili zinafungwa mwisho wa Juni. Jambo dogo usilifanye mlima."

Nilieleza mazuri. Watu wakapiga makofi kwa mugumo. Kisha mdomo ukawa mzito, nikasimama pale na kitabu mkononi kama mtoto aliyesahau shairi. Mama wa mboga alikuwa ameketi nyuma kabisa, juu ya mtungi wake. Hakuwa akinitazama. Nadhani hakutarajia kwamba chemchemi yake ni jambo la barazani.

Nikamgeukia mtaalamu. "Bwana mkubwa, zile nduma za bondeni mwezi wa Februari zilikuwa zikinyweshwa na nani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Yule kijana alifungua karatasi zake, akazitazama, akazifunga. Akauliza nduma zipi. Basi sauti kumi zikamjibu kwa mpigo, na kila mtu akawa na habari ya maji yale: aliyeogeshwa nayo mtoto, aliyejengea nyumba, aliyekatiwa bomba miezi minne.

Ndipo akasimama mama wa yule mtoto, jirani yangu, ambaye chumvi yake nimeila. Hakupandisha sauti.

"Mswahili, mimi nayajua hayo maji. Hata mimi nayachota. Lakini wewe ukisema karatasi irudi, inarudi miezi mingapi? Mtoto wangu anakwenda shule kesho. Anapita wapi kesho?"

Uwanja wote ukanyamaza. Sikuwa na jibu, na hata leo sinalo. Nilisema kitu fulani juu ya kupandisha kijia juu kidogo, nikaketi.

Mtaalamu, kwa sifa yake, hakubisha. Alikuja tena mwezi wa Mei, mvua inanyesha, akavua viatu akaingia bondeni na mama wa mboga mbele yake akimwonyesha. Walihesabu mahali patatu maji yanapotoka, si pamoja. Kijia kikasogezwa hatua arobaini kuelekea mlimani, kikazunguka, na sentensi ya mimea isiyo na thamani ikafutwa. Kipande cha pembe ya shamba la mzee mmoja kiliingia njiani. Hakutaka fedha, alitaka ua wake upandwe upya kwa miti ileile, na mpaka leo analalamika kwamba miche waliyompa ni ya aina nyingine.

Mwisho wa Juni ulipita. Fedha zikafungwa, ikabidi kuomba upya. Leseni ilipatikana, na kazi ya jembe ikaanza Januari 2024. Tangu lile baraza la Aprili hadi hapo ni miezi tisa, na kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikimwona jirani yangu akisimama langoni kila jioni saa kumi na nusu, akitazama barabara kuu mpaka mtoto atokee. Alinisalimu kila siku. Hakunikaribisha ndani.

Ndipo yakaja mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyoua watu zaidi ya 200 hapa nchini. Usiku mmoja mto wetu ulinguruma kama treni. Asubuhi tuliteremka sote. Kijia cha mlimani kilikuwa kimechubuka lakini kipo, mifereji yake imefanya kazi. Kule chini, mahali mstari wa kwanza ulipokuwa upite, palikuwa ziwa.

Watu wakaanza kunipongeza, mpaka tulipofika mtoni. Daraja halikuwako. Nguzo mbili za saruji zilibaki upande mmoja, na upande wa pili ukingo wenyewe ulikuwa umekwenda na maji. Mwenyekiti akanitazama, nami nikaukumbuka ukurasa ule wenye mchoro, niliousoma upesi usiku ule kwa sababu sikuona ndani yake mtu ninayemjua.

Sasa pana magogo mawili yaliyofungwa kwa waya. Kamati imeandika barua ya tatu. Mtoto yule amerefuka, mguu umepona ingawa hutembea kwa kuupendelea mmoja, na blakimamba imeshushwa ukutani. Jana nilimwona akifika pale mtoni. Alishuka, akaitia baiskeli begani, akapima gogo kwa mguu. Mama wa mboga alikuwa akija ng'ambo ya pili na mtungi wake kichwani. Wakasimama kila mmoja upande wake, wakangojana.